Neno Lililobaki Zahanatini

Miongoni mwa makaratasi yote ambayo chuo cha udaktari cha ng'ambo humtaka mwombaji ayalete, ni moja tu lisilopigwa muhuri. Cheti cha kuzaliwa kina muhuri wa msajili. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vina alama za Baraza la Mitihani. Taarifa ya benki ina muhuri wa tawi. Cheti cha polisi huja baada ya alama za vidole. Na fomu ya afya hutiwa saini na daktari. Barua ya maombi peke yake huja mikono mitupu. Ni ukurasa mmoja au miwili, nayo hujibu swali fupi: kwa nini unataka kuwa daktari? Kwa kuwa haina muhuri, wazazi huiona nyepesi, na mawakala huiona desturi tu. Binti mmoja wa Makutupora ilimchukua miaka mitano kuiandika.

Makutupora iko kaskazini ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha. Ardhi yake ni kavu kwa macho, lakini chini yake mna maji, na visima vyake ndivyo vilivyounywesha mji wa Dodoma kwa miongo mingi. Wataalamu waliopima kina cha maji hayo tangu miaka ya 1950 wamegundua kwamba hayajazwi na mvua ya kila mwaka, bali na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997 na 1998. Juu ya maji hayo watu hulima zabibu; pana kituo cha utafiti wa zabibu, na pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hata jina la mahali halikutulia. Maandishi ya wataalamu wa maji pengine huliandika Makutapora, na tena iko Makutupora nyingine, ya Manyoni mkoani Singida, ambayo ndiyo inayotajwa katika kipande cha reli ya kisasa kianziacho Morogoro. Mzaliwa wa hapa akikuta katika fomu nafasi ya mahali pa kuzaliwa, hana budi kuwa na subira.

Baba wa binti huyo ni mkulima wa zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwa hiyo nyumba yao imezoea kuhesabu maisha kwa mavuno: ada ililipwa mavuno gani, paa liliezekwa mavuno gani, nani alizikwa kabla ya mavuno gani. Binti alimaliza kidato cha sita mwezi Mei 2019, katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alifaulu masomo yote matatu, lakini Fizikia ilimpa alama ya kuponea chupuchupu. Ufaulu wake ulimtosha kuomba nafasi ya udaktari, haukumtosha kuishindania. Mjini Dodoma, mwendo usiotimia saa moja kwa gari, kipo chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho hufundisha udaktari. Aliomba huko na kwingineko, akakosa. Kuwa jirani wa chuo si sifa ya kuingia chuoni.

Tangu 2013, vijana wanaomaliza kidato cha sita wamekuwa wakiitwa tena Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Kila mwaka basi, Makutupora hupokea wana wa watu kutoka mikoa yote, wakiwa na mabegi na godoro nyembamba, wakingoja matokeo huku wakilima na kukimbia mchakamchaka. Yeye alipangiwa kambi ya mbali. Huko, jioni baada ya kazi, ndiko alikosikia ng'ambo ikitajwa kama mtu anavyotaja soko la jirani: China, India, Ukraine, Urusi, Uturuki. Mmoja alijua ada, mwingine alijua baridi, wa tatu alikuwa na namba ya simu ya wakala. Alirudi nyumbani na namba ile.

Kwenda ng'ambo kusomea udaktari si jambo la jana katika nchi hizi. Kabla ya mwaka 1963, ilipofunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam, Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari hakuwa na chuo cha nyumbani; alivuka mpaka akaenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza 1924. Huko ndiko alikosomea Dkt. Vedasto Kyaruzi, aliyekuja kuchaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA mwaka 1950. Baada ya uhuru njia zilizidi kuwa nyingi, zikafika Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Mashariki na Cuba. Visiwani, Dkt. Hussein Mwinyi, aliyechaguliwa kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020, alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Marmara, Istanbul. Na safari haikuwa ya upande mmoja, kwani timu ya kwanza ya madaktari wa China ilitia nanga Zanzibar mwaka 1964, na nyingine zimeifuata.

Tofauti ni kwamba zamani aghalabu serikali ndiyo iliyomwombea kijana. Ilimchagua, ikamwandikia barua, ikamkatia tiketi, na swali la kwa nini anataka kuwa daktari lilikuwa na jibu moja kwa wote: taifa linahitaji madaktari. Leo nafasi za ufadhili wa serikali za nje bado hutangazwa, lakini ni chache. Mikopo ya elimu ya juu kwa sehemu kubwa ni ya wanaosoma nchini. Walio wengi hupelekwa na mzazi, na mzazi huongozwa na wakala. Swali lililokuwa la taifa limeshuka hadi kwa mtoto wa miaka kumi na minane aliyeketi mbele ya meza ya wakala.

Wakala huyo alikuwa na ofisi mjini, yenye ramani ya dunia ukutani na bendera ndogo mezani. Aliyakagua makaratasi kwa haraka ya mtu aliyezoea, akagundua jambo ambalo nyumbani hawakuwahi kuliona. Jina la babu katika cheti cha kuzaliwa liliandikwa kwa L, na katika cheti cha kidato cha nne kwa R. Karani mmoja alisikia hivi, mwingine vile. Kwa herufi hiyo moja ilibidi wakili aandike hati ya kiapo kwamba watu wawili wale ni mtu mmoja. Baba alilipa. Kisha akalipa ada ya maombi, na malipo ya awali ya chuo kimoja cha China, kwa fedha ya mavuno ya Agosti.

"Na barua ya kujieleza?" binti aliuliza.

"Hiyo niachie mimi," alisema wakala. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, hizi barua ni desturi tu. Wanachotazama ni benki."

Barua ilikuja imeshaandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka. Ilisema kwamba mwombaji alimpoteza babu yake mpendwa kijijini kwa kukosa daktari, na kwamba siku ile aliapa kuitumikia jamii. Babu wa mama alikuwa hai, akichunga mbuzi. Babu wa baba alifariki kabla hajazaliwa. Wiki chache baadaye binti alipata kuona barua ya msichana mwingine aliyepitia ofisi ile ile, mwenyeji wa mkoa wa mbali. Babu alikuwamo, amekufa vile vile, kwa sentensi zile zile.

Aliitia saini. Lazima hilo lisemwe, kwani naye halifichi. Alikuwa na miaka kumi na saba, fedha ilikuwa imeshatoka, na karatasi isiyo na muhuri haikuonekana kuwa na uzito wa kuzuia safari. Chuo kilimkubali aanze Septemba 2020.

Tarehe 28 Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, China iliwafungia wageni mipaka yake. Chuo kikaandika kwamba masomo ya mwaka wa kwanza yatafundishwa kwa intaneti. Baba alisomewa ujumbe huo akiwa shambani, akaukatia matawi ya mzabibu kwa muda mrefu kabla ya kujibu. "Na mgonjwa naye atakuja kwenye simu?" Hawakuendelea. Malipo ya awali hayakurudi. Mlango huo haukufunguliwa tena kwa wanafunzi hadi Agosti 2022, na kabla haujafunguliwa, mlango mwingine ulikuwa umevunjwa. Tarehe 24 Februari 2022 vita viliingia miji ya Ukraine, ambako maelfu ya vijana wa Kiafrika walikuwa wakisoma, wengi wao udaktari. Wengine walitembea hadi mpaka wa Poland kwa miguu katika theluji. Waliokwama Sumy hawakutolewa hadi tarehe 8 Machi. Miongoni mwa wale waliokaa jioni kambini wakitaja ada na baridi, mmoja alikuwa katika safari hiyo. Aliokoka, na vyeti vyake akaviokoa ndani ya fulana.

Binti wa Makutupora wakati huo alikuwa chuoni, si cha udaktari bali cha utabibu, stashahada ya miaka mitatu, humu humu nchini. Alimaliza 2023, akaenda kujitolea katika zahanati moja ya vijijini, kama wafanyavyo wengi wanaongoja ajira. Huko ndiko alikoanza kukumbuka jambo ambalo kwa miaka kumi alikuwa amelikunja na kuliweka mbali.

Mwaka 2013 alikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi yake, mama wa baba yake, aliumwa, na kwa kuwa watu wazima walikuwa shambani, mjukuu ndiye aliyempeleka zahanati. Bibi alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu: bei, salamu na majina ya vitu. Tabibu alikuwa kijana mgeni, na Kigogo chake kiliishia kwenye salamu ya mbukwenyi, ambayo aliitamka vizuri na kwa heshima. Basi mtoto akawa mkalimani. Tabibu aliuliza, mtoto akauliza, bibi akajibu, mtoto akajibu. Mambo yalikwenda hivyo hadi bibi alipoinamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo kwamba damu, ile iliyomkoma miaka mingi nyuma, ilikuwa imerudi, na kwamba haikuwa ikitoka kama zamani.

Alilisema kwa neno la Kigogo ambalo mtoto alilijua, kwa kuwa alikuwa amelisikia kwa wanawake kisimani, na alijua pia kwamba halisemwi mbele ya mwanamume. Tabibu alikuwa akingoja na kalamu mkononi. Mtoto akasema: "Anasema tumbo linamuuma, na mgongo." Maumivu hayo nayo yalikuwa kweli. Bibi alipewa vidonge vya tumbo, akashukuru, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata, katika hospitali ya mjini, saratani ya mlango wa kizazi ilipata jina lake, na bibi hakuvuka mwaka huo.

Hakuna awezaye kusema kwamba neno lile lingemwokoa. Yeye mwenyewe, akiwa sasa na elimu ya utabibu, anajua kwamba saratani hiyo hukua taratibu kwa miaka, kwamba uchunguzi wa mlango wa kizazi huchukua dakika chache, kwamba ikiwahiwa hutibika, na kwamba kutokwa damu baada ya ukomo wa hedhi ni dalili ambayo mwanafunzi yeyote wa tiba hufundishwa asiipite. Chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, miaka minne baada ya mazishi. Anajua pia kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja hakupaswa kuwekwa kwenye kiti kile. Lakini kujua si kusahau.

Mapema 2024 aliamua kuomba tena, safari hii bila wakala. Aliziandikia ofisi za vyuo mwenyewe, akalinganisha ada, akasoma masharti ya kila nchi. Alijua kwamba katika vyuo vya China vinavyofundisha kwa Kiingereza mwanafunzi hukaa miaka sita, mmoja wake ukiwa wa mafunzo ya vitendo hospitalini, na kwamba Kiingereza hicho huishia mlangoni mwa wodi, kwani mgonjwa ana lugha yake. Yapo mambo mengine yaliyomvuta pembeni, lakini hili lilimshika. Mtu anayekwenda kusoma huko lazima ajifunze upya kumsikiliza mgonjwa.

Kisha akaketi kuandika barua. Aliandika habari ya zahanati, ya tabibu mwenye salamu moja, ya mtoto aliyekuwa mkalimani. Alipofika kwenye lile neno, alishangaa kwamba mkono haukusita. Kiingereza cha vitabu kinalo neno la jambo lile, refu na safi, lililonawa mikono, lisilomjua bibi wala kisima. Liliandikika kama mtu anavyoandika jina la dawa. Ndiyo faraja ya lugha ya mbali, kwamba haioni haya kwa ajili yetu. Ndiyo hatari yake pia, kwani jambo linaweza kuandikwa lote pasipo kusemwa hata kidogo.

Usiku ule baba alimwomba amsomee. Baba hasomi Kiingereza. "Nisomee, mwanangu," alisema. "Safari ile nililipia barua nisiyoijua. Hii nataka niijue."

Akaanza kumsomea, akiigeuza kwa Kigogo sentensi baada ya sentensi. Kwa mfasiri yeyote, kazi hiyo ni ya kawaida: jicho kwenye lugha moja, ulimi kwenye nyingine. Alifasiri zahanati, akafasiri tabibu, akafasiri benchi waliloketi. Alipolifikia lile neno refu na safi, akanyamaza. Kulifasiri kulikuwa na njia moja tu. Ilimpasa kusema lile alilolisema bibi, mbele ya baba yake, tena likimhusu mama wa baba yake. Ilikuwa ni zahanati ile ile, na tabibu akingoja na kalamu.

Akalisema.

Baba hakuinua uso. Kimya kilipokuwa kirefu, binti alidhani amekosa adabu pasipo tiba, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Aliniambia," alisema baba. "Wiki ile ile mliyotoka zahanati, mama aliniambia mwenyewe. Hakutumia neno hilo, alizunguka, lakini nilielewa. Nikaona haya kumpeleka mama yangu na jambo kama hilo mbele ya kijana wa kiume. Nikasema tungoje tuvune."

Taa ya sola ilikuwa ikififia. Baba akaongeza: "Na hilo liandike."

Hakuliandika kama alivyolisema, kwani jambo la baba ni la baba hata akiliruhusu. Lakini aliongeza sentensi moja mwishoni, nayo pengine ndiyo iliyokuwa jibu la swali la fomu: kwamba katika habari hii walikuwapo watu watatu waliojua ugonjwa uko wapi, kila mmoja akimpenda mgonjwa kwa dhati, na kwamba anataka kuwa daktari ili awepo mtu wa nne, anayeuliza kwa lugha ambayo mgonjwa anaweza kujibu. Asubuhi aliipeleka mjini, akaituma pamoja na vyeti, na ile hati ya kiapo kuhusu herufi moja.

Chuo kilimjibu mwezi Julai, kikampa nafasi na punguzo la ada. Kama barua ndiyo iliyofanya hivyo, au ni stashahada, au ni benki kama alivyosema wakala, chuo hakikueleza. Alichukua hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka Tume ya Vyuo Vikuu, akaondoka Septemba 2024. Mbele yake ipo miaka, na hata akihitimu, bado shahada yake itahitaji kutambuliwa nchini, na bado Baraza la Madaktari Tanganyika litamtaka apimwe na kutumikia utarajali kabla hajaandikwa daktari. Atapigiwa mihuri mingi kabla hajashika kalamu mbele ya mgonjwa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama yake iko zahanatini, kwenye benchi.

Baba amebaki na bahasha ya nakala. Zimo ndani yake nakala za vyeti, risiti za malipo ya awali yasiyorudi, na kurasa mbili za Kiingereza asichokisoma. Mgeni akimuuliza habari za mtoto, baba huzitoa kurasa hizo kwanza, kabla ya vyeti, akamwonyesha. Kisha, ikiwa mgeni ni mtu wa kusikiliza, humweleza kwa Kigogo zinasema nini, pamoja na neno lile.